Nilivyoendesha Kombi Hadi Midrand Nikiwa na Sketi ya Kiskoti

Mimi hapa Joburg hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Nimeshaliandika hilo kwenye grupu hili mara nyingi, na leo asubuhi nilikuwa bado naliamini.

Leo nimevuliwa nguo na nguo. Mchana kweupe, Midrand, mbele ya wazungu, na muziki unapigwa.

Naeleza mwenyewe kabla hamjaletewa video. (Ndiyo, yule ni mimi. Hapana, ile si kaptula.)

Kwa wageni wa grupu: mimi ni Baba Salma, mtoto wa Tanga, nakaa mtaa wa La Rochelle, hapahapa Joburg. Nchi hii niliingia na begi lililofungwa kamba. Shule niliishia darasa la tano, na niliacha mwenyewe, sikufukuzwa. Nikaosha magari, nikauza soksi kwenye robot wakati taa nyekundu imesimamisha watu, na leo nina kombi tatu, zote zinawaka asubuhi bila kusukumwa. Sikufika hapa kwa kuamini watu. Hata friji ya kwangu ina kufuli. (Mama Salma ana ufunguo wa akiba. Nimegundua juzi.)

Sasa, kuna mzee mmoja mzungu ana maghala Midrand. Jina lake refu, Alistair nini sijui, mimi namwita Mzee Ali na anaitika. Wafanyakazi wake wa zamu wanataka usafiri, kombi tatu, kila siku, mwaka mzima. Kazi hiyo nimeihangaikia mpaka nimekonda. Wiki iliyopita akanipigia. Anatimiza miaka sabini, anafanya sherehe nyumbani kwake Jumamosi, nije, tukishakula tutamaliza habari ya kombi. Sharti moja tu. Babu zake walitoka Uskoti, na kila mwanaume atakayekuja avae vazi la babu zake.

Nikamwuliza vazi gani. Akanitumia picha.

Jamani, ni sketi.

Nikaikuza picha kwa vidole. Bado ni sketi. Ina mistari ya kukatana kama shuka ya Mmasai, ina marinda, na hapa mbele kuna kimkoba cha ngozi chenye manyoya kinaning'inia kama paka aliyelala.

Nikajiambia hapa kuna mchezo. Mtu anakupa kazi ya kombi tatu halafu kwanza uvae sketi? Lakini kombi tatu ni kombi tatu. Halafu mimi ni mtu wa msuli. Nimefunga msuli tangu sijaota ndevu. Nikurupushe usingizini, nitaufunga kwa mkono mmoja huku napokea simu kwa mwingine, na utakaa hadi Isha. Kitambaa cha kuzungusha kiunoni kinishinde mimi?

Nikaenda kwa Papa Ngoie. Ni fundi cherehani, Mkongo wa Lubumbashi, anakodisha suti za harusi mtaa wa pili kutoka kwangu. Hizo sketi anazo, maana kuna vikundi vya wapiga zumari wanamletea kushona. Nikaweka diposti, akanifungia moja kwenye mfuko. Tatizo ni hili: Papa Ngoie ana shemeji yake anaitwa Trésor. Trésor naye ana kombi. Na Trésor naye, La Rochelle nzima inajua, anaitaka kazi ya Midrand.

Kwa hiyo Papa Ngoie alipoanza kunipa mawaidha, mimi nilikuwa namtazama mdomo tu.

"Papa Salma, sikia muzuri," akasema. "Hii jupe iko na mikanda tatu. Funga yote. Marinda inakaa nyuma. Ukipanda mu kombi, kwanza chunga marinda."

Nikamkazia macho. (Wa Bongo mnajua neno hilo la marinda siku hizi linavyochekwa. Msianze.) Nikamwuliza nyuma ipi.

"Nyuma yako, Papa. Uko na nyuma ingine?"

Akaendelea, na uso wake haukucheka hata kidogo, jambo ambalo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Akasema kabla ya kukaa kwenye siti nipitishe viganja viwili nyuma, nilaze marinda yote, ndipo nikae, kama mama anavyokaa kanisani. Nitandike taulo kwenye siti maana ngozi ya siti inaunguza. Kimkoba nikisogeze ubavuni kabla ya kufunga mkanda wa gari. Nivae kitu cha kubana ndani, kwa sababu ya upepo. Pini kubwa ya urembo inapita kwenye kitambaa cha juu peke yake, nisiifikishe cha chini. Na la mwisho akalirudia: usukani wa nchi hii uko kulia, ncha ya sketi nayo inakuja kulia, kwa hiyo niikusanye kwanza mapajani ndipo nifunge mlango. Wakati wa kupanda na wakati wa kushuka.

Nikamshukuru. Nikatoka. Njiani nikapiga hesabu zangu. Mwanaume gani anamfundisha mwanaume mwenzake kukaa kama mama kanisani? Huyu anataka nifike kwa Mzee Ali nimekaa kike, nimebeba taulo, nachekwa, shemeji yake achukue kombi zote tatu. Au anataka niiharibu sketi ale diposti. Au vyote viwili. Nikaamua kila alilosema nitalipindua.

Moja tu nililikubali, la kitu cha kubana. Hilo hata mimi nililiona, maana bukta zangu zote ni pana na zinachungulia. Mama Salma akanipa taiti yake ya mazoezi. Nyeusi ilikuwa imetoboka, kwa hiyo akanipa ya maua. Maua ya waridi, makubwa.

"Nani ataiona?" akasema.

Nikavaa. Mikanda mitatu ile sikuigusa, mtoto wa Tanga hafungwi mikanda kama punda. Nikaizungusha sketi kama msuli, marinda nikayaleta mbele ambapo naweza kuyaona, nikakaza, nikakunja kiunoni. Kitambaa ni cha sufu, kizito kama zulia, lile kunjo likanikaa tumboni kama tairi. Pini nikaipitisha safu zote mbili, tuone upepo utafanya nini.

Mama Salma alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba Salma, si amekuambia ufunge mikanda?"

Nikamkumbusha Papa Ngoie ni shemeji wa nani. Nikamwuliza, angekuwa yeye, angemwamini mtu wa namna hiyo?

"Mimi ningefunga mikanda," akasema, akaenda kuepua chai.

Ikabaki habari ya kimkoba. Vazi zima halina mfuko hata mmoja, kwa hiyo simu, pochi na ufunguo wa gari vyote vinakaa humo, hapo mbele, kila mtu anaviona. Joburg! Nikatafuta kufuli dogo la begi la safari nikalitundika kwenye kifungo chake. Na ufunguo wa kufuli nitauweka kibindoni, ndani ya lile kunjo la kiunoni, alipokuwa akiweka pesa marehemu baba yangu na hakuibiwa hata siku moja. Nilijiona mjanja, sitawaficha.

Nikapanda kombi yangu mpya. Siti ilikuwa imeshinda juani. Sikutandika taulo. Nililia kidogo, nikanyamaza. Marinda yakavimba mapajani kama nimepakata mtoto wa watu, sioni breki ya mkono. Nikiingiza gia, gia inaondoka na kitambaa. Nikikirudisha kitambaa, gari linatoka kwenye gia. Na mkanda wa gari ukakikandamiza kile kimkoba mahali ambapo sitapaeleza kwenye grupu lenye wakwe.

Nikaingia barabara kuu. Nikaanza kuona watu wananipigia honi.

Kwanza dada mmoja kwenye gari dogo. Akaja ubavuni, ananionyesha kidole, anaonyesha chini ya mlango wangu. Mimi macho mbele. Halafu dereva wa lori, naye anaonyesha palepale. Halafu taksi nzima, dereva na abiria, wanapunga mikono, wanapiga kelele neno ambalo sikulisikia maana nilishapandisha vioo. Nyinyi mnaujua mchezo huo. Wanakuambia tairi linachomoka, unasimama kuangalia, unarudi nyumbani kwa miguu. Kumbe leo wamejipanga, lori, taksi na dada! Tulipofika pale barabara inapopita karibu na mtaa wa Alex nikazidisha mwendo. Mgeni aliyekuwa mji huu wakati ule wa vurugu za kuwapiga wageni hasimami pale kwa sababu ya kidole cha mtu.

Mwisho akanifuata bibi mmoja wa kizungu, mvi tupu, ananimulikia taa. Nikasema hata bibi wamemwingiza. Nikamkimbia. (Nilimshinda. Kombi yangu ina nguvu.)

Sasa najua walikuwa wananiambia nini. Ncha ya sketi ilikuwa nje ya mlango tangu La Rochelle, inapepea barabarani, inafagia vumbi la mkoa mzima.

Nikafika kwa Mzee Ali. Nyumba kubwa, majani yamekatwa kama zulia, mahema meupe, wazee wa kizungu wamejaa na sketi zao, na mpiga zumari mmoja amekumbatia mfuko wake kwapani anasubiri wageni waingie awapigie. Sijazima injini vizuri, naona mtu mzima mweusi, shati jeupe, anakuja kwangu amenyoosha mkono. Ananiomba ufunguo kwa Kiingereza, aende kuliegesha.

Mtu simjui, hanijui, nimpe kombi mpya? Nikamwambia rafiki, mimi si wa kuja jana. Nikaruka chini, nikaubamiza mlango kabla hajafika, nikabonyeza rimoti. Ufunguo ndani ya kimkoba. Kufuli, kacha! Ufunguo wa kufuli, kibindoni. Nikamwona anataka kuniambia kitu, ananionyesha mlango. Nikampa mgongo. Za vidole nilikuwa nimezishiba.

Nageuka hivi, nani amekaa chini ya hema na glasi ya juisi? Trésor. Sketi imemkaa kama amezaliwa nayo. Marinda nyuma, mikanda imefungwa, magoti pamoja. Nikasema, nilijua. Nilijua kuna mchezo!

Damu ikanipanda. Mpiga zumari akaanza kunipigia. Mzee Ali mwenyewe akasimama, mikono wazi, anacheka kwa furaha ananiita jina. Nami nikatupa mikono wazi nikaenda kwake kwa mwendo wa mtu mwenye kombi tatu.

Nikahisi navutwa nyuma.

Hapo ndipo mkazi wa Joburg anapojulikana. Mjinga anageuka kuangalia. Mimi nilijua tu ni mkono wa mtu, nikashika kimkoba kwa mikono yote miwili nikavuta kwenda mbele kwa nguvu zangu zote. Kikaninyonga kiuno. Nikavuta tena. Kitu kikalia kraaa, nikazungushwa kama pia, na mara nikawa mwepesi. Nikasikia raha, nikajua nimemshinda mwizi.

Halafu upepo wa Midrand ukanifikia mahali ambapo upepo hunifikia nikiwa nyumbani tu.

Zumari likanywea, likalia kama mbuzi anayeishiwa pumzi, likanyamaza. Nikatazama nyuma. Sketi ilikuwa imeng'ang'ania mlango wa kombi, imelala kwenye majani urefu wake wote, kama zulia la kumpokea rais. Nikajitazama mimi. Koti jeusi. Tai. Soksi ndefu hadi magotini. Kimkoba cha manyoya, kimebaki na mnyororo wake kiunoni, Mungu ashukuriwe. Na kati ya hapo na soksi, waridi.

Mzee Ali alikuwa bado amenyoosha mkono. Nikaushika. Ningefanya nini? Nikamwambia heri ya kuzaliwa.

Hakuna aliyecheka mara moja, na hilo ndilo lililouma. Mama mmoja mwenye kofia akasema maua ni mazuri sana. Ndipo wakacheka.

Nikakimbilia gari. Kufungua mlango nahitaji rimoti. Rimoti imo kimkobani. Kimkoba kina kufuli. Ufunguo wa kufuli uko kibindoni. Nikapeleka mkono kiunoni, nikakuta mpira wa taiti. Kibindo kilikuwa kimeshafunguka, na ufunguo wake upo kwenye majani mahali fulani. Nilimwita mama yangu mzazi, kwa Kiswahili, kwa sauti.

Yule mtu wa shati jeupe akasogea karibu. Kumbe ni Mkongo wa Bukavu. Akasema taratibu, kwa heshima yote:

"Papa, gari ulifunga. Sakoshi ulifunga. Jupe njo haukufunga."

Nikaanza kuupapasa ufunguo kwenye majani.

Wazee wa kizungu walipiga magoti na sketi zao, wakatafuta ule ufunguo kwenye majani kama wanaosaka mhogo. (Nilikuwa nawaangalia mikono. Mazoea.) Hawakuuona. Mzee Ali akavuta kitambaa cha meza, cheupe, kikubwa, akanipa nijisitiri. Hapo nikawaonyesha. Nikazungusha, nikakaza, nikakunja, nikaacha. Kikakaa imara. Mzee mmoja akaniuliza kinashikwa na nini bila mkanda, nikamwambia ni siri ya Tanga. Ndiyo dakika pekee ya leo ninayoikumbuka kwa furaha.

Mzee Ali akaleta mkasi wa kukatia vyuma akalikata kufuli. Ufunguo wa gari ukatoka. Sketi ikatoka mlangoni. Ile pini niliyoipitisha safu mbili ilikuwa imepasua kitambaa chote cha juu mpaka chini.

Ndipo ikaja gari ya keki, na kombi yangu imeziba njia. Mzee Ali akaniambia nimpe ufunguo yule mtu wake wa Bukavu aisogeze kombi. Nikasema nitasogeza mwenyewe. Akaniangalia. Hakuwa anacheka tena.

"Wewe huwezi kumwachia mtu wangu gari kwa muda wa chakula," akasema. "Mimi nitakuachiaje watu wangu kila siku?"

Nilimwona Trésor amesimama karibu, anasikia. Niliona kombi tatu, mwaka mzima, zinaondoka bila mimi. Nikautazama ufunguo. Mkono ulikataa kufunguka, nikausaidia kwa mkono mwingine. Yule mtu akaupokea, akaondoka na kombi yangu ikapotea nyuma ya nyumba.

Nikala nyama sijui ni ya mnyama gani. Masikio yote yako nyuma ya nyumba, nasikiliza injini. Walipokata keki nikaomba kwenda chooni, nikazunguka. Kombi iko chini ya mti, kivulini, vioo vimefungwa. Geji ya mafuta iko palepale. Nikaangalia na tairi la akiba. Lipo.

Baada ya kula Mzee Ali akatuita wawili, mimi na Trésor. Mimi nimepata kazi ya kombi mbili. Ya tatu amempa Trésor. Nikamwuliza kwa nini. Akasema Trésor alifika na nguo zake.

Nikamvuta Trésor pembeni. Nikamwuliza shemeji yake alimwambia nini kuhusu ile sketi. Akanihesabia: mikanda, taulo, viganja viwili, kimkoba ubavuni, pini safu moja, ncha ya kulia na mlango.

"Hivyohivyo?" nikamwuliza.

"Hivyohivyo, Papa Salma. Hata ile ya marinda."

Kombi mbili ni kombi mbili. Ya tatu itasimama uani inanitazama mpaka niitafutie kazi, na kila asubuhi nitajua imesimama kwa sababu sikutaka kukaa kama mama kanisani.

Jioni nikamrudishia Papa Ngoie sketi yake. Akaitandaza mezani. Akaona vumbi, akaona grisi ya mlango, akaona mpasuko. Akauliza neno moja tu, pini? Nikasema nilipitisha safu mbili. Akatikisa kichwa kama daktari, akaweka mita yake ya kupimia nguo shingoni, akaendelea na cherehani yake. Nimemchunguza sana usoni wakati ule. Hakuwa anafurahi. Nimeshindwa kabisa kumtilia shaka, na hilo limeniudhi kuliko yote.

Basi. Ukialikwa mahali pa sketi, funga mikanda, na ukionyeshwa kidole barabarani angalia basi mara moja huo mlango. Video msiisambaze, mkwe wangu yupo kwenye grupu la msikiti. Diposti imekwenda, kufuli limekatwa, na Mama Salma anasema hawezi kuvaa tena taiti ambayo Midrand nzima imeiona, anataka mpya. Jumla ni randi elfu tatu mia saba hamsini na nne.